Mafundi Waliovuka Bahari

Kati ya mwaka 1896 na 1901, watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu, wahunzi na mafundi wa mitambo wakiwamo. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, nauli ya kurudi ikiwamo. Takriban 2,500 walifariki. Waliobakia Afrika ni kama 6,700 tu, wachache kuliko wengi wanavyodhani. Sisi tunaomtukuza Vishwakarma, mlezi wa mafundi, tunawakumbuka. Tangu mgodi wa Buzwagi usitishe uzalishaji mwaka 2021, vijana wa Kahama wanaokereza vyuma hutuuliza habari za kazi ughaibuni. Nasi huwauliza kwanza: nauli ya kurudi imeandikwa, na atailipa nani?