Majini Wanne wa Haworth: Charlotte Brontë na Chuo cha Ushabiki

Kila nimwonapo mshairi chipukizi akisutwa kwamba ameiga, humkumbuka binti mmoja wa Kiingereza aliyeanza uandishi kwa kuiga bila haya, akaiga kwa zaidi ya miaka kumi, kisha akaandika riwaya ya mapenzi ambayo hadi leo haijaacha kusomwa. Binti huyo ni Charlotte Brontë, na riwaya ni Jane Eyre ya mwaka 1847. Riwaya yenyewe inajulikana mno. Chuo alichohitimu mwandishi wake hakijulikani sana. Nia ya makala haya ni kukieleza chuo hicho, kwa kuwa naamini kina funzo kwa sisi tulioshika kalamu ya Kiswahili. Kwangu mimi, niliyeshika chaki kwa miaka mingi, kina pia deni ambalo sina budi kulikiri.

Charlotte alizaliwa tarehe 21 Aprili 1816 katika Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, Patrick, mzaliwa wa Ireland, alikuwa kasisi wa Kianglikana, na mwaka 1820 aliihamishia familia yake katika kijiji cha Haworth, penye vilima vya upepo na baridi. Mama mtu alifariki mwaka 1821. Mwaka 1825 mabinti wawili wakubwa, Maria na Elizabeth, waliugua wakiwa shule ya bweni, wakarudishwa nyumbani, na wote wawili wakafa kabla ya nusu ya mwaka kutimia. Walisalia wanne: Charlotte, Branwell ambaye ndiye mvulana pekee, Emily na Anne. Hivyo Charlotte, aliyezaliwa wa tatu, akawa dada mkubwa wa nyumba akiwa na umri wa miaka 9.

Juni 1826 baba alirejea kutoka mji wa Leeds na zawadi ya Branwell: kisanduku cha askari 12 wa mbao. Charlotte alikurupuka akamtwaa mmoja na kumwita Duke wa Wellington, yule jemadari aliyemshinda Napoleon Bonaparte pale Waterloo mwaka 1815. Branwell naye, kwa ubishi wa ndugu, akamwita wake Bonaparte. Emily na Anne wakachukua wao. Kwa watoto wengine mchezo ungekwisha jioni ile. Kwa hawa wanne ulidumu miaka, na kila askari akapata nasaba, nchi, vita, wake na maadui.

Tujiulize: Duke wa Wellington alikuwa nani kwa binti wa miaka 10 kijijini? Alikuwa shujaa wa magazetini. Kasisi Patrick alipenda siasa na hakuwaficha watoto wake magazeti, nao waliyasoma kwa pupa. Charlotte alimshabikia Wellington kama vijana wa leo wanavyowashabikia wachezaji wa kandanda na waimbaji. Tofauti ni kwamba hakutosheka kumshangilia. Alimtungia maisha mapya yeye na wanawe wawili, na mmoja wao, Arthur, akamkuza mpaka akawa Duke wa Zamorna na mfalme wa nchi ya kubuni iitwayo Angria. Zamorna ni mzuri wa sura, mtunzi wa mashairi, mkatili katika mapenzi. Aliyesoma habari za mshairi Lord Byron atamtambua mara moja aliyeazimwa sura na tabia. Na aliyesoma Jane Eyre atamtambua Bwana Rochester akiwa bado mbichi.

Kuna jambo jingine litakalomfurahisha msomaji aliyekulia pwani. Miongoni mwa vitabu vya nyumba ile kilikuwamo kile ambacho sisi tunakiita Alfu Lela Ulela. Watoto walivutiwa na majini wa hadithi zile, wenye kujenga mji kwa usiku mmoja na kufufua aliyekufa, hata wakajitwalia cheo hicho wao wenyewe. Walijiita Majini Wakuu wanne: Tallii, Brannii, Emmii na Annii. Askari akifa vitani, jini humfufua, na hadithi ikaendelea. Sioni ajabu kwamba mchezo wa kufufua wafu uliwanasa watoto waliozika mama na dada wawili katika miaka minne.

Mwaka 1829 mchezo uliingia kwenye karatasi. Nyumbani walisoma jarida la Blackwood's la Edinburgh; basi Branwell akaanzisha jarida lake kwa kulifuata lile, na mwaka uleule Charlotte akaurithi uhariri. Vijarida vile vilikuwa vidogo kama kisanduku cha kiberiti, ili viwatoshe askari wa mbao kuvisoma. Karatasi zilikuwa adimu, hivyo walitumia vipande walivyovipata, wakavishona kwa uzi, na kuandika kwa herufi ndogo mno zilizoiga chapa ya kitabu. Ndani mna hadithi, mashairi, matangazo, barua za wasomaji wa kubuni na jedwali la yaliyomo. Kijarida kimoja cha Charlotte cha mwaka 1830 kilinunuliwa mnadani Paris mwaka 2019 kwa euro 600,000, kikarudishwa Haworth katika nyumba yao ambayo sasa ni makumbusho. Bei hiyo isitupumbaze. Thamani ya kijarida ni kwamba binti wa miaka 14 alikwisha kuwa mtunzi, mhariri, mpiga chapa na msomaji wa kwanza wa kazi yake.

Sisi wenye asili ya ushairi hatupaswi kushangazwa na chuo cha namna hii. Takhmisa ni nini, kama si kazi ya mtu aliyependa tungo ya mwenzake kiasi cha kutaka kuingia ndani yake? Mtunzi huchukua beti za mishororo miwili za mtangulizi, akazitangulizia mishororo mitatu yake, hata ubeti ukatimia mitano. Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, imejengwa juu ya maneno yanayohesabiwa kuwa ya Fumo Liyongo mwenyewe. Hakuna aliyemwita Sayyid mwizi. Majibizano ya mashairi pia yanasimama juu ya msingi huo: huwezi kumjibu mtu ambaye hujamsoma kwa makini.

Hata hivyo, ushabiki una upande ambao Mwafrika hawezi kuupita kimya. Mji wa askari wale, ulioitwa Glass Town, watoto waliuweka Afrika Magharibi. Walikuwa wamesoma habari za wavumbuzi katika Blackwood's na katika kitabu cha jiografia, na Branwell akachora ramani ya falme zao juu ya pwani ya bara letu. Kwao ilikuwa karatasi tupu. Waashanti, ambao Januari 1824 walikuwa wamelishinda jeshi la Waingereza na kumuua gavana Charles MacCarthy, waliingia katika hadithi kama maadui wa kushindwa. Yumo mwana wa mfalme wa Ashanti, Quashia, aliyelelewa nyumbani kwa Wellington baada ya kuangamizwa kwa baba yake, naye akakua akawa mwasi. Watoto walimfanya mhaini. Mimi kila nikikumbuka kwamba baba yake aliuawa na nchi yake ikatwaliwa, huona ana hoja. Shabiki hurithi pia upofu wa anaowashabikia.

Mwaka 1835 Charlotte alirudi kufundisha katika shule ya Roe Head, alikokuwa amesoma. Shajara zake za huko huwa nazisoma kwa tabasamu la uchungu. Anakaa darasani akihangaika kuwafafanulia wasichana aina za maneno, na moyo wake uko Angria. Mara mwanafunzi anamjia na zoezi lake, na ndoto inakatika. Mwalimu gani mwenye kutunga hajaonja hali hiyo?

Desemba 1836 alimwandikia Robert Southey, aliyekuwa malenga mkuu wa ufalme wa Uingereza, akamtumia mashairi na kumweleza shauku yake ya kujulikana milele. Jibu lilifika mwaka 1837. Southey alikiri kwamba binti ana kipaji, lakini akamtahadharisha dhidi ya kuota mchana, na akamwambia kwamba fasihi haiwezi kuwa kazi ya maisha ya mwanamke, wala haipaswi kuwa. Charlotte alimjibu kwa adabu, akaihifadhi barua ile, na katika siku ya kutimiza miaka 21 akaandika juu yake kwamba ni nasaha ya kuwekwa daima. Kisha akaendelea kuandika.

Hapa ndipo deni langu lilipo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, nikiwa mwalimu kijana wa Kiswahili, nilimnyang'anya msichana wa kidato cha pili daftari alilokuwa akilizungusha bwenini. Alikuwa ameandika hadithi ya mapenzi kwa kutumia wahusika wa riwaya pendwa moja iliyokuwa ikisomwa sana wakati huo. Nilisoma sentensi mbili mbele ya darasa kwa sauti ya dhihaka, wenzake wakacheka, nikamwambia, "Ukitaka kuandika, andika yako." Daftari nikalitia kwenye mtoto wa meza. Nilipohamishwa, miaka minne baadaye, nililikuta nikalisoma lote. Katika riwaya ile msichana aliyepata mimba anakufa kwa aibu. Katika daftari hafi: anajifungua, anamwacha mtoto kwa bibi yake, anarudi shule. Ilikuwa yake kabisa, nami sikuiona. Southey angalau alijibu barua. Mimi nilichekesha darasa. Mwenye daftari alikwisha kumaliza shule, na sikuwahi kumrudishia.

Charlotte hakuikana Angria, aliiaga. Yapata mwaka 1839 aliandika kipande kifupi akieleza kwamba amezikaa nchi zile mno na sasa anatamani hali ya hewa nyingine, ingawa kuwaacha wahusika wake ni kama kuwaacha jamaa. Mwaka 1846 madada watatu walichapisha diwani kwa gharama zao, kwa lakabu za Currer, Ellis na Acton Bell. Mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 2 tu. Mwaka uliofuata ikatoka Jane Eyre. Angalieni inavyofunguka: mtoto yatima amejificha nyuma ya pazia na kitabu cha ndege, anatazama picha na kujitungia hadithi. Mwandishi ametuonyesha chuo chake katika ukurasa wa kwanza.

Na mlolongo haukukoma kwake. Mke mwendawazimu wa Rochester, Bertha, aliyetoka Jamaika na kufungiwa ghorofani, hapewi hata neno la kujitetea. Mwaka 1966 Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica katika visiwa vya Karibi, alimpa sauti katika Wide Sargasso Sea. Naye alikuwa msomaji wa Charlotte aliyeingia ndani ya kitabu na kukijibu kutoka upande ambao Charlotte hakuuona. Quashia wa Ashanti bado anamngoja wa kumjibia.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, na nyinyi washairi mnaosahihisha tungo za chipukizi, mkikutana na mwigaji msimulize kwanza alichoiga. Mwulizeni amebadilisha nini, na kwa nini. Daftari lile ninalo hadi leo, na iwapo mwenyewe atayasoma haya, atajua kwamba ni lake na kwamba namsubiri.