KIFUSI, KOKOTO NA MCHANGA: HISTORIA NA MATUMIZI YA ISTILAHI

Mfasiri wa maelezo ya ujenzi akikutana na dhana ya mchanga uliotokana na zege kuukuu, hushawishika kuandika "kifusi" na kuendelea. Neno hilo ni la siku nyingi, lakini peke yake halitoshi.

Katika majengo ya Kilwa Kisiwani, kama vile Husuni Kubwa ya karne ya 14, vipande vidogo vya mawe ya matumbawe vilichanganywa na chokaa kujazia kuta. Huko bara, Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma, hadi miongo ya mwanzo ya karne ya 20, katika ilungu, yaani tanuri refu la udongo. Kilichotoka humo hakikuwa bado chuma cha kufulia jembe. Kilisafishwa kwanza katika tanuri dogo. Hatua mbili zilitoa vitu viwili. Tofauti ya namna hiyo ndiyo tunayoihitaji katika istilahi za zege.

Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, Wajerumani walisaga matofali ya miji iliyobomolewa wakayatia katika zege. Nchini Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulitumia vifusi vilivyosagwa na kuchekechwa badala ya mchanga na kokoto zote. Matofali yake yalikuwa dhaifu kuliko ya kawaida, lakini asilimia 85 ya yaliyopimwa yalifikia niutoni 7 kwa milimita mraba, kiwango cha chini kinachotakiwa. Saruji kuukuu iliyoganda kwenye chembe hunywa maji mengi. Ndiyo sababu yafaa kubadili sehemu tu ya mchanga.

Jambo hili lina uzito Sumbawanga, ambako matofali ya kuchoma hujengewa pia kwa tope. Kifusi chake kina udongo, nao hudhoofisha zege. Fundi akisoma katika mkataba "kifusi badala ya mchanga", akakitia kama kilivyo, kosa la mwandishi litaonekana ukutani.

Hivyo, "kifusi" kibaki kuwa jina la kilichobomolewa kabla ya kushughulikiwa. Kilichosagwa na kuchekechwa kiitwe "mchanga wa kifusi" kikiwa laini, na "kokoto za kifusi" kikiwa na vipande vikubwa. Na asili yake, zege au tofali, itajwe. Aidha, "badala ya sehemu ya mchanga" isifupishwe kamwe kuwa "badala ya mchanga". Walimu wa ufundi na waandishi wa mikataba hawana budi kuzishika tofauti hizi.