TRAKTA YA MISIONI: NAMNA ILIVYOAMKA

Katika kitabu hiki cha yubile wengine wameandika juu ya Mapadri wa kwanza, juu ya ujenzi wa kanisa na juu ya shule. Mimi nimepewa kazi ndogo: kusimulia habari ya chuma kimoja cha rangi ya majivu, kilichokaa chini ya mwembe nyuma ya karakana miaka mingi, hata watoto wetu wakadhani kiliota pale.

Trakta hiyo ni Ferguson TE20. Aliyeitunga ni Harry Ferguson, mtu wa Ireland, aliyezaliwa mwaka 1884 na kufariki mwaka 1960. Matrakta ya aina hii yaliundwa Coventry, katika Uingereza, tangu mwaka 1946 hadi 1956, na hesabu yake ilipita 500.000. Zamani jembe lililokokotwa nyuma lilipogonga kisiki, trakta iliweza kuinuka mbele na kumpindukia dereva. Watu walikufa hivyo. Ferguson akalifunga jembe kwa mikono mitatu ya chuma, inayoinuliwa kwa nguvu za mafuta yanayosukumwa na pompi. Jembe na trakta vikawa kama mwili mmoja, na chombo chepesi, cha tani moja na zaidi kidogo, kikaweza kazi ya vyombo vizito. Matatu ya ukoo huu ndiyo yaliyomfikisha Edmund Hillary kwenye ncha ya kusini ya dunia, Januari 1958, katika barafu tupu. Nayasema hayo kwa ajili ya wale waliokuwa wakiicheka.

Yetu ilisimama wakati wa vita vya mwaka 1996. Batri iliibwa, na mipira ya mbele ilikatwa ikafanywa viatu; wala siwalaumu waliofanya hivyo, kwani siku zile watu walikimbilia porini miguu mitupu. Baadaye wakaja wanunuzi wa vyuma vichakavu. Wengi katika kamati walitaka kuiuza, kwa sababu fedha za kununua bati za shule zilikosekana, na mimi nilikuwa upande wao. Aliyekataa ni mzee mmoja fundi, aliyekuwa kijana msaidizi katika karakana ya misioni. Aliomba apewe muda hadi mvua zianze. Asipoiamsha, ichukuliwe.

Vijana wetu, kwa haraka yao, waliifunga kamba nyuma ya lori ili ivutwe. Magurudumu ya nyuma yaliburuta ardhi bila kuzunguka. Mzee akawafokea vikali: pete za pistoni zilikuwa zimeshikwa na kutu ndani ya silinda, na kuvuta kwa nguvu kungevunja yale ambayo kutu haikuvunja. Akafungua buji zote nne, akamimina katika kila tundu mazutu iliyochanganywa na mafuta ya motere, akaziba kwa vitambaa. Kila jioni aliongeza kidogo. Kila asubuhi tuliinua gurudumu moja la nyuma kwa kriki, gia ikiwa imeingizwa, tukalisukuma mbele na nyuma bila kulazimisha. Siku kumi hapakuwa na kitu. Siku ya kumi na moja tukasikia mlio mdogo kama ubao unaopasuka, na gurudumu likaenda upana wa kidole. Mzee akasema, “Basi, kwa leo inatosha.” Sisi tulitaka kuendelea.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya usafi. Tulipofungua mafuta ya motere, yakatoka kwanza maji, kisha tope jeusi. Esansi ya zamani ilikuwa imegeuka utomvu na kuziba matundu madogo ya karibiratere, na nyigu walijenga ndani ya bomba la moshi. Mipira ya mbele tuliingoja miezi miwili. Batri tuliazima kwa kijana anayechaji simu sokoni.

Trakta hii haina kifungo cha kuiwasha. Mkono wenyewe wa gia husukumwa hadi alama ya S, ndipo motere huzungushwa; kwa hiyo haiwezi kuamka ikiwa ndani ya gia. Mara ya kwanza ilikohoa, ikatema moto kupitia karibiratere, watoto wakakimbia. Mzee akazitazama nyaya za buji. Moto unapaswa kufuata mpango wa 1, 3, 4, 2. Nyaya mbili zilikuwa zimebadilishana mahali, na aliyezifunga ni mimi. Akazirudisha, hakunena neno. Mara ya pili ikanguruma. Watu walipiga vigelegele, bali yeye alitazama sindano ya mafuta tu, hata ilipopanda. Kisha akaizima.

Shamba la shule lililimwa siku nne kabla ya mvua ya kwanza. Hata leo radiatere inavuja, na mtoto mmoja huifuata nyuma na bidoni ya maji. Wanunuzi wa vyuma walirudi mara moja, wakaambiwa iko shambani.