Umahiri

Umahiri, neno lenye asili ya Kiarabu, ni ustadi unaoonekana kwa vitendo. Kwa mfano, huku Mtwara, daktari wa familia nyingi ni tabibu, aliyesomea stashahada kwa miaka 3. Mtihani wa karatasi hupima maarifa yake. Umahiri hupimwa mbele ya mgonjwa, mkufunzi akitazama: je, amemsalimu mama mtu, amemsikiliza mpaka mwisho, amehesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi kwa dakika nzima? Vijiji kama Msimbati na Kitaya viko mbali na Hospitali ya Ligula iliyo mjini, na usiku tabibu huamua peke yake. Kwa hiyo tusimwite mtu mahiri kwa cheti tu. Kwanza tumwone akihudumia.