Waliofeli Kalkulasi Kule Berkeley Hawakuwa Wavivu

Kuna swali ambalo walimu wa vyuo hupenda kulijibu kabla hawajalichunguza: mbona wanafunzi hawa wanafeli? "Hawa" hubadilika kulingana na nchi. Marekani ni Weusi, Walatino na Wamarekani Asilia. Hapa kwetu unajua mwenyewe ni akina nani. Lakini majibu huwa ni yale yale, utadhani yalitolewa fotokopi: hawana bidii, shule walizotoka ni duni, kwao nyumbani hakuna anayejali masomo, hawana pesa.

Leo nataka twende California, miaka ya 1970, kwa sababu huko kuna jamaa aliyechukua hayo majibu manne akayapima moja moja. Na yote yakaanguka.

Jamaa huyo ni Uri Treisman. Wakati huo alikuwa bado anasomea uzamifu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na alihusika kuwaandaa wale wanafunzi wakubwa wanaofundisha vikundi vya mwaka wa kwanza. Kila muhula aliona jambo moja: kalkulasi inawafyeka wanafunzi Weusi. Zaidi ya nusu yao walikuwa wanatoka na D au F. Na kalkulasi, msee, si somo la kupitia tu. Bila hiyo hakuna uhandisi, hakuna fizikia. Ukianguka hapo mwaka wa kwanza, safari imeishia getini.

Akawauliza walimu wenzake sababu, wakampa yale majibu manne. Hawakuwa watu wabaya. Wengi wao walikuwa watu wa nia njema kabisa, wa kutetea haki, na nadhani hilo ndilo linanisumbua zaidi kwenye hadithi hii, kwa sababu mtu wa nia njema akishakuwekea jibu la huruma, hakuna anayerudi kuuliza swali tena.

Basi Treisman akaanza kuchunguza. Bidii? Hawa walikuwa vijana waliong'ara katika shule zao, wengine ndio nambari wani, na hawakufika Berkeley kwa kulala. Wazazi? Alipozungumza na familia akakuta watu waliokuwa wamepanga tangu mtoto akiwa mdogo kwamba huyu lazima aende chuo. Pesa? Hata mapato ya familia hayakueleza nani anapita na nani anaanguka. Maandalizi ya shule? Hapo ndipo mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Baadhi ya waliokuja na alama za juu kabisa za hisabati katika mtihani wa kuingilia chuo ndio walioanguka vibaya, na wengine waliokuja na alama za kawaida wakapita.

Sasa akafanya kitu ambacho kwa maoni yangu kilipaswa kufanywa kwanza. Aliwachukua wanafunzi 20 Weusi na wengine 20 wenye asili ya Kichina, ambao kwa jumla walikuwa wanafanya vizuri katika kalkulasi, halafu akawafuata kwa miezi mingi. Si kwa fomu za kujaza. Aliwafuata hadi maktaba, hadi vyumbani mwao, akiwarekodi kwa video wakisoma.

Aliona nini? Wale wanafunzi Weusi walikuwa wanasoma peke yao. Karibu wote. Wanahudhuria darasa, wanaandika, wanarudi chumbani, wanafunga mlango, wanapambana na kitabu. Walimu walikuwa wamewaambia kwamba kila saa moja ya darasa inahitaji saa mbili za kujisomea. Darasa ni saa nne kwa wiki, kwa hiyo wakasoma saa nane hivi. Umeona? Walifanya karibu kile hasa walichoambiwa.

Wale wa asili ya Kichina nao walikuwa wanatumia kama saa 14. Walianza peke yao, kisha jioni wanakutana, wanakula pamoja, wanalinganisha majibu. Huyu amekosea hatua ya tatu, yule anamrekebisha. Swali likiwashinda wote, wanajua kwamba swali ni gumu, si kwamba wao ni wajinga. Wanazungusha mitihani ya miaka iliyopita. Kaka au binamu aliyepitia kozi hiyo anapita kuwasalimia na kuwaambia mwalimu fulani anapenda kutega wapi. Halafu, hili ni muhimu, kila mmoja anajua anasimama wapi darasani. Mtihani haumshtui. Mwanafunzi Mweusi aliyejifungia chumbani alikuwa anaingia mtihani akidhani yuko sawa, anatoka na C au chini ya hapo, na hana mtu wa kumuuliza nini kimetokea.

Kwa nini walisoma peke yao? Kwa sababu ndivyo walivyopona huko walikotoka. Katika shule nyingi walizosomea, mtoto wa vitabu alikuwa lazima ajitenge na kundi, ajifungie, avumilie kuchekwa. Upweke ulikuwa ngao yao. Ndio uliowafikisha Berkeley, na Berkeley ndio ukawamaliza.

Wacha nitoke kidogo kwenye historia. Nilipoingia chuo hapa Nairobi, wiki ya pili tu tayari kulikuwa na vikundi vya diskasheni, na hakuna aliyevitangaza. Watu watano waliotoka shule moja kubwa walifika wakiwa kikundi tayari, na mitihani ya zamani mkononi, na namba ya simu ya aliyewatangulia. Halafu kulikuwa na komredi wa kutoka kaskazini kabisa, peke yake kutoka shule yake, labda peke yake kutoka kata yake. Alikuwa anakaa mstari wa mbele. Hakuna aliyemfukuza kwenye kikundi chochote, ila pia hakuna aliyemwita. Niliposoma habari za Treisman miaka baadaye, huyo ndiye aliyenijia kichwani.

Turudi Berkeley. Mwaka 1978 Treisman na wenzake walianzisha warsha ya hisabati kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hapa ndipo watu wengi huielewa vibaya hadithi hii. Kawaida, chuo kikitaka kusaidia wanafunzi wa makundi madogo, huwafungulia darasa la kurudia: njooni tuwafundishe upya vitu vya sekondari, pole pole. Vijana hawa walikuwa wanayakimbia madarasa hayo, na mimi ningekimbia pia. Umekuwa nambari wani maisha yako yote, halafu unaalikwa kwenye chumba cha wanaohurumiwa?

Warsha ya Treisman iligeuza meza. Mwaliko ulikuwa wa heshima, kama wa wanafunzi bora. Maswali yalikuwa magumu kuliko ya darasani, yametungwa makusudi ili mtu mmoja yamshinde. Unakaa mezani na wenzako, unajaribu, unakwama, unalazimika kufungua mdomo. Msimamizi hatoi majibu, anazunguka tu na kuuliza: umefikaje hapa? Matokeo yakawa kwamba wanafunzi Weusi na Walatino wa warsha waliwapita kwa mbali wenzao ambao hawakuwemo. Vijana ni wale wale, kalkulasi ni ile ile, na mtihani ni ule ule.

Vyuo vingine viliiga, kikiwemo Texas kule Austin, ambako Treisman mwenyewe alihamia. Mwaka 1992 alipewa tuzo ya MacArthur.

Upande wa pili wa nchi, Maryland, kuna hadithi nyingine inayotajwa zaidi siku hizi. Mwaka 1988, katika chuo cha UMBC karibu na Baltimore, mwanahisabati Freeman Hrabowski alishirikiana na tajiri Robert Meyerhoff na mkewe Jane kuanzisha mpango wa ufadhili. Hrabowski si mtu wa kawaida. Alizaliwa Birmingham, Alabama, mwaka 1950. Akiwa na miaka 12 alikuwa amekaa nyuma kanisani akifanya hesabu zake, akamsikia Martin Luther King akiwaita watoto waandamane. Akaenda. Akafungwa siku tano. Miaka 12 baadaye alikuwa na shahada ya uzamifu.

Kundi la kwanza la Meyerhoff, mwaka 1989, lilikuwa la vijana 19 wa kiume, Weusi wote. Mwaka uliofuata wasichana wakaingia. Kabla ya muhula wa kwanza wanakutana chuoni wakati wa kiangazi, wanasoma na kuishi pamoja. Kusoma kwa vikundi si hiari. Wanapelekwa maabara mapema kufanya utafiti wa kweli, si kuosha vyombo. Ukipata C katika somo la msingi, unashauriwa ulirudie, kwa sababu C itakufuata mbele. Na hakuna kujificha: ukianza kuteleza, mshauri wako anajua kabla hujamwambia.

Watafiti waliwalinganisha na wanafunzi waliopewa nafasi ya Meyerhoff lakini wakachagua vyuo vingine. Vichwa vinalingana. Wale waliokubali nafasi waliendelea na masomo ya juu ya sayansi takriban mara tano zaidi. Penn State na Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill waliuiga mpango huo mwaka 2013 na wakapata matokeo mazuri pia, kwa hiyo enyewe si uchawi wa Hrabowski peke yake.

Siasa hazikukaa mbali. Mwaka 1996 wapiga kura wa California walipiga marufuku kuzingatia rangi katika vyuo vya umma, na mwaka huo huo mahakama ya rufaa ikaifungia Texas mlango kama huo. Kule Maryland mahakama ilikuwa imeshaizuia ruzuku ya wanafunzi Weusi ya chuo jirani, na Meyerhoff ikafunguliwa kwa wanafunzi wa rangi zote mwaka huo wa 1996. Wengi walidhani ndio mwisho wake. Haukuwa, na wanafunzi Weusi waliendelea kutoka pale kwenda kuwa madaktari na watafiti. Mmoja wao, Kizzmekia Corbett, alihitimu mwaka 2008. Mwaka 2020 alikuwa kati ya walioongoza kazi ya kisayansi ya chanjo ya korona iliyotengenezwa na taasisi ya afya ya serikali ya Marekani pamoja na Moderna. Kenya ilipokea dozi za Moderna mwaka 2021. Huenda wewe unayesoma hapa ulichanjwa moja.

Lakini nina shida na jinsi hadithi ya Meyerhoff inavyosimuliwa. Mpango ule huchagua vijana ambao tayari ni moto, na una pesa za tajiri nyuma yake. Ukiwaonyesha wakuu wa vyuo vyetu, watasema tu: tuleteeni Meyerhoff wetu kwanza. Warsha ya Treisman hainiachii kisingizio hicho. Ilihitaji chumba, meza, saa chache kwa wiki, na mtu aliyekaa usiku akitunga maswali magumu yanayostahili kujadiliwa. Zaidi ya yote ilihitaji chuo kiwatafute wale wanaosoma peke yao, kwa majina, wiki ya kwanza, kabla ya C ya kwanza. Vyuo vyetu vina orodha ya kila mwanafunzi, shule aliyotoka na kaunti yake. Yule komredi wa mstari wa mbele alikuwa kwenye orodha hiyo tangu siku aliyoripoti.