Dzaleka: Jina la Gereza

Sokoni Dzaleka, wilayani Dowa, kilomita 40 na ushei kutoka Lilongwe, Kiswahili kinatosha. Mama wa Bukavu humpimia unga mzee wa Bujumbura, wakaelewana bila mkalimani. Lakini jina la mahali penyewe ni la Kichewa, na lina uchungu: ni neno la kukoma, la mtu anayelazimishwa kuapa kwamba hatarudia tena. Kabla ya wakimbizi, hapa palifungwa wapinzani wa Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi.

Malawi ilipata uhuru Julai 6, 1964. Kufikia Septemba Banda alikuwa amekwisha kukosana na mawaziri wake, na punde watu wakaanza kuwekwa kizuizini bila kesi. Mashahidi wa Yehova, kwa kukataa kununua kadi ya chama cha Banda, walipigwa na kuchomewa nyumba hadi maelfu wakakimbilia Zambia na Msumbiji. Naam, nchi hii nayo ilizalisha wakimbizi.

Kuchora ramani ya ukatili huo ni kazi ngumu, maana wauaji walifuta nyayo. Mei 1983, wilayani Mwanza, mpakani na Msumbiji, polisi waliwaua Dick Matenje, Aaron Gadama, Twaibu Sangala na David Chiwanga, wanasiasa wa chama hichohicho cha Banda. Taifa likaambiwa ni ajali ya gari. Uongo huo ulidumu zaidi ya miaka kumi, hadi tume ya uchunguzi ilipoufichua. Banda alishtakiwa mwaka 1995, akaachiwa huru. Leo kaburi lake lipo katikati ya Lilongwe, mji mkuu alioujenga, na nguzo zake nne ni misingi ya chama: umoja, uaminifu, utii, nidhamu. Hilo la utii hunikaba koo kila nikilifikiria.

Mei 1994 Banda alishindwa uchaguzi, wakati Rwanda ikiteketea. Mwaka huohuo Dzaleka ikafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Sasa wamepita 50,000, wengi wao Wakongo. Jina halikubadilishwa.

Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Mwezi Mei polisi waliwakamata mamia jijini Lilongwe, watoto wakiwemo, wakawafungia kwanza katika gereza la Maula. Kutoka gerezani wakapakiwa kwenye magari, wakapelekwa Dzaleka.