Njia za Miguu za Usambara Magharibi: Kutoka Vuga hadi Stendi ya Lushoto

Wilaya ya Lushoto, iliyoko katika Mkoa wa Tanga, kaskazini-mashariki mwa Tanzania, hufikiwa na abiria wengi kwa barabara moja ya lami inayoachana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha pale Mombo, ikapanda kwa kona nyingi kupitia Soni hadi mji wa Lushoto, mwendo wa takriban kilomita 33. Abiria anayeshuka katika stendi ya mji huo, ambao uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, anaweza kutembea hadi genge la Irente na kurudi kabla ya jua kuwa kali, au akapanda basi jingine linalokwenda Mlalo ama Mtae, akateremka njiani na kuendelea kwa miguu kati ya mashamba na misitu. Vitabu vya kuwaongoza watalii huyaeleza matembezi hayo kana kwamba yalibuniwa kwa ajili yao, ilhali njia zenyewe ni kongwe kuliko barabara, kuliko mji wa Lushoto, na nyingine kuliko dola yoyote iliyowahi kuchora ramani ya milima hiyo. Kilichobadilika mno ni mwelekeo wake, kwa kuwa zamani njia kubwa zilikwenda Vuga, na sasa nyingi huishia mahali basi linaposimama.

Vuga, kusini mwa milima hiyo, ndiyo iliyokuwa makao ya wafalme wa Kilindi, ukoo uliotawala Washambaa tangu karne ya 18 na ambao simulizi zake humtaja mwasisi aitwaye Mbegha, mwindaji aliyetoka nchi ya Ungulu. Simulizi hizo zilihifadhiwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi katika kitabu chake Habari za Wakilindi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, chini ya Kimweri ye Nyumbai, utawala huo ulienea kutoka milimani hadi karibu na pwani, na mfalme aliwaweka wanawe kuwa machifu wa sehemu mbalimbali, kila mmoja akiwa na wajibu wa kupeleka Vuga kodi, yaani mifugo, chakula na bidhaa nyingine zilizokusanywa kwa raia. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika kwa Kimweri mwaka 1848 na tena mwaka 1852, alipita katika nchi ambayo tayari ilikuwa na mtandao wa njia uliounganisha vijiji, makao ya machifu na mji mkuu, na ambao haukuhitaji gurudumu wala mnyama wa kubeba mizigo.

Hata hivyo kodi peke yake haielezi kwa nini njia nyingi hufika ukingoni mwa milima na kisha kuteremka. Washambaa waliigawa nchi yao katika sehemu mbili: shambaai, yaani milimani kwenye ubaridi na mvua, ambako migomba ilisitawi, na nyika, yaani tambarare kavu na yenye joto iliyo chini. Vijiji vingi vilijengwa karibu na ukingo ili mkulima aweze kuwa na shamba juu na jingine chini, maana mwaka ambao mvua iliikosa nyika huenda ingeinyeshea milima, na mazao ya sehemu moja yaliyoharibika yangefidiwa na ya sehemu nyingine. Ukulima wa namna hiyo ulimlazimu mtu kupanda na kushuka genge mara kwa mara akiwa na mzigo kichwani. Kwa hiyo Irente, ambako mgeni wa leo husimama kutazama mandhari na kupiga picha, kwa mwenyeji wa zamani palikuwa pahali pa kupita kuelekea shambani.

Chini ya genge hilo ni Mazinde, na historia ya Mazinde yaonyesha jinsi mwelekeo wa njia ulivyoanza kuhama hata kabla ya wakoloni. Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri, alijijenga hapo kwenye njia ya misafara iliyofuata bonde la mto Pangani, akapata bunduki kwa biashara ya pwani, na baada ya baba yake kufariki mnamo mwaka 1862 akamwondoa mrithi wa kiti na kumweka Vuga mwanawe mwenyewe, huku yeye akibaki tambarare. Nguvu ilikuwa imeshuka kwenda kwenye biashara. Katika vita vilivyofuata watu wengi walitekwa na kuuzwa pwani, na njia zilezile zilizokuwa zimepitisha kodi ya mfalme zikapitisha mateka. Hilo halitajwi mara nyingi na wanaoisifu mandhari ya milima hiyo, nalo lastahili kutajwa.

Wajerumani walikuja na vituo vyao wenyewe. Wamisionari wa Kilutheri walianzisha kituo Mlalo mwaka 1891, na baadaye Vuga kwenyewe. Mwaka 1895 serikali ya kikoloni ilimnyonga mfalme Mputa. Na boma la wilaya likajengwa si Vuga bali katika bonde lililopewa jina la Wilhelmstal kwa heshima ya Kaisari Wilhelm II, ambalo ndilo Lushoto ya leo. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na kuanzia hapo Mombo ikawa mlango wa milima, kwa sababu barabara ya kupanda hadi Wilhelmstal iliwekwa ili kuunganisha boma na mashamba ya walowezi na stesheni. Walowezi walihitaji vibarua, na mnamo mwaka 1907 wilaya hiyo ilianzisha utaratibu wa kadi uliomlazimu kila mwanamume kufanya kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Kwa njia hiyo wanaume wa milimani walianza kutembea kuelekea mahali ambapo hawakuwa na mashamba, wala ndugu, wala chifu.

Upande wa Shume, ambako msitu wa mitarakwa ulitoa mbao zenye thamani, mzigo haukutegemea miguu tu: kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilijengwa njia ya kamba ya chuma yenye urefu wa karibu kilomita 9, iliyoteremsha mbao angani hadi Mkumbara kando ya reli. Wambugu, wafugaji ambao kwa muda mrefu walikuwa wakilisha ng'ombe katika nyanda za juu na nafasi wazi za misitu hiyo, walijikuta wakizungukwa na hifadhi za serikali ambamo njia za mifugo zilihesabiwa kuwa uvamizi.

Waingereza, walioiteka nchi hiyo mwaka 1916, waliendelea kuitumia Lushoto kuwa makao ya wilaya. Jambo lao lililoacha alama kubwa zaidi katika mandhari ni mpango wa kuhifadhi udongo ulioanzia bonde la Mlalo mwaka 1946 na kupanuliwa baadaye, ambao uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta kwenye miteremko. Wakulima waliuchukia kwa kuwa uliongeza kazi bila kuongeza mavuno ya kuonekana, na upinzani wao ulikuwa miongoni mwa sababu za mpango huo kuachwa kabla ya uhuru.

Gari la abiria halikuziua njia za miguu. Lilizigawia kazi mpya. Magulio, yaani masoko ya siku maalumu za juma, yaliendelea kuwavuta watu kutoka mabonde ya mbali, lakini viazi, kabichi na matunda sasa hubebwa kwa kichwa au kwa pikipiki hadi barabarani tu. Katikati ya miaka ya 1990, mpango wa utalii wa kitamaduni ulioanzishwa nchini kwa msaada wa shirika la Uholanzi la SNV uliwapa vijana wa Lushoto ajira ya kuongoza wageni katika njia hizo, na safari ya siku kadhaa kutoka Lushoto kupitia msitu wa Magamba hadi Mtae, kwenye ukingo unaotazama nyika ya Mkomazi, ikawa maarufu kuliko zote. Ratiba ya mabasi, hata hivyo, haikupangwa kwa ajili ya mtembeaji. Basi la Mtae huondoka alfajiri, kwa kuwa abiria wake wakuu ni watu wenye shughuli za mchana katika miji ya chini, na ndiyo maana safari hiyo kwa kawaida hufanywa kwa kwenda kwa miguu na kurudi kwa gari.